Historia ya tiba na urithi wa matabibu wa kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Uganda

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, walimu wa historia, na watu ambao wamewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki wakajiuliza udaktari ulianzia wapi. Mengi huanzia mbali, Misri au Ugiriki, lakini hayakawii kufika Bunyoro, Mengo na visiwa vya Ssese, nasi tumeyafuata huko huko. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Daktari wa kwanza duniani alikuwa nani?

Hakuna ajuaye, kwa maana watu walitibiana kwa maelfu ya miaka kabla ya kuwapo maandishi. Anayetajwa mara nyingi ni Imhotep, waziri wa farao Djoser wa Misri katika karne ya 27 K.K., ambaye huhesabiwa kuwa msanifu wa piramidi ya ngazi pale Saqqara. Sifa zake za uganga, hata hivyo, zilikuja baadaye sana: hakuna andiko la tiba la zama zake lenye jina lake, na Wamisri walimfanya mungu wa uponyaji takriban miaka 2,000 baada ya kufa kwake. Mwenye ushahidi wa zama zake mwenyewe ni Hesy-Ra, ofisa wa utawala huohuo, ambaye mbao zilizochongwa kaburini mwake zina cheo ambacho wataalamu wengi hukisoma kuwa mkuu wa matabibu wa meno.

Kwa upande wa wanawake, jina la kuaminika ni Peseshet, aliyekuwa msimamizi wa matabibu wanawake wakati wa nasaba ya nne au ya tano. Msomaji atakutana pia na jina la Merit-Ptah, anayesifiwa kila mahali kuwa daktari wa kwanza mwanamke. Huyo ni zao la mkanganyiko wa uandishi wa karne ya 20, na jina lake linaendelea kunakiliwa kwa sababu wanaolinakili hawarudi kwenye kaburi linalodaiwa kuwa lake.

Je, Wamisri walikuwa na tiba ya kweli, au ni uchawi tu?

Walikuwa na vyote viwili, mara nyingi ndani ya hati moja. Hati ya mafunjo inayoitwa Edwin Smith, iliyonakiliwa takriban mwaka 1600 K.K. kutoka andiko la zamani zaidi, inaeleza majeruhi 48 kwa utaratibu, kuanzia kichwani kushuka chini. Kila mgonjwa anaelezwa kwa namna moja: kwanza kichwa cha habari, kisha jinsi ya kumpapasa na kumtazama, kisha hukumu ya tabibu, kisha matibabu. Hukumu hizo ni tatu tu. Tabibu anasema huu ni ugonjwa nitakaoutibu, au huu ni ugonjwa nitakaopambana nao, au huu ni ugonjwa usiotibika. Mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyehisi mikono wala miguu yake, amewekwa katika kundi la tatu, na muuguzi yeyote wa wodi ya majeruhi wa bodaboda atamtambua mgonjwa huyo mara moja ingawa miaka zaidi ya 3,500 imepita.

Hati ya Ebers, ya takriban mwaka 1550 K.K., yenye urefu wa mita 20 hivi, ni ya aina nyingine. Hiyo ni mkusanyiko wa mamia ya dawa za tumbo, macho, ngozi na minyoo, huku maneno ya kunuizia yakichanganywa na vipimo vya asali, bia na mafuta. Katika vidonda Wamisri walipaka asali na mafuta, na asali kweli huzuia vijidudu. Kinyesi cha wanyama, ambacho nacho kimo katika orodha zao, hakina utetezi wowote.

Kwa nini Hippocrates huitwa baba wa tiba, ikiwa Wamisri walimtangulia?

Kwa sababu madaktari wa Ulaya waliosoma Kigiriki ndio walioandika historia hiyo. Hippocrates wa kisiwa cha Cos aliishi takriban kati ya 460 na 370 K.K., na maandiko kama 60 yanayobeba jina lake ni kazi ya watu wengi wa vizazi tofauti, kiasi kwamba hakuna hata moja tunaloweza kuapa kwamba aliliandika kwa mkono wake.

Heshima yake hata hivyo ina msingi. Andiko moja la kundi hilo linahusu kifafa, ambacho Wagiriki walikiita ugonjwa mtakatifu kwa kuamini kwamba mungu humwangusha mtu. Mwandishi anasema waziwazi kwamba ugonjwa huo hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, kwamba chanzo chake kimo katika ubongo, na kwamba walioupa jina hilo walikuwa wakificha kutojua kwao nyuma ya miungu. Hapa Uganda bado wapo watoto wanaotolewa shuleni kwa kifafa, kwa hofu kwamba mate yao huambukiza au kwamba wamerogwa. Mwalimu anayetaka kuliondoa jambo hilo darasani ana hoja tayari, iliyoandikwa miaka 2,400 iliyopita.

Ni kweli kwamba kiapo cha Hippocrates kinasema "kwanza, usidhuru"?

Maneno hayo hayamo. Kilicho karibu nayo kimo katika andiko jingine la kundi hilo, linalomtaka tabibu afanye mambo mawili: asaidie, au walau asidhuru. Kiapo chenyewe huanza kwa kuitaja miungu ya uponyaji, Apollo, Asclepius na mabinti zake Hygieia na Panacea, na ndani yake mna ahadi ya kumtunza mwalimu kama mzazi na ya kutunza siri za nyumba ambamo tabibu ameingia. Madaktari wengi wa leo hawaapi hicho, bali huapa kwa namna fulani ya Azimio la Geneva la mwaka 1948, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho ikiwa 2017.

Anayeuliza kama viapo hivi vina maana yoyote katika nchi yetu na atazame Gulu mwaka 2000. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kutambua kwamba ugonjwa ule ulikuwa Ebola, alibaki wodini pamoja na wauguzi wake hadi naye akaambukizwa, na alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Galen alikosea wapi, na ilikuwaje watu wakamfuata kwa zaidi ya miaka 1,300?

Galen alizaliwa Pergamon mwaka 129, akatibu wapiganaji wa uwanjani wa mji huo, kisha akaenda Roma na kuwa tabibu wa makaisari, akiwemo Marcus Aurelius. Alikuwa mtafiti hodari na mtu mwenye majivuno kupita kiasi. Mbele ya hadhara alimfunga nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, akakata mshipa mmoja mwembamba wa fahamu shingoni, na nguruwe akanyamaza ghafla ingawa aliendelea kupumua. Hivyo akathibitisha kwamba sauti hutawaliwa na ubongo, si moyo kama wengi walivyodhani.

Kosa lake lilitokana na sheria na mila za Roma, ambazo hazikumruhusu kupasua maiti za watu. Alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe, kisha akaandika kana kwamba ameuona mwili wa binadamu. Ndiyo maana alisema mfupa wa taya la chini la mtu ni vipande viwili, na kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Alirithi pia fundisho la kwamba afya ni mizani ya damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, akalijenga likawa mfumo mzima, na kutokana nalo wagonjwa wakatolewa damu hadi karne ya 19.

Aliandika mengi, kwa uhakika, na kwa mpangilio uliofaa kufundishia, na hayo matatu yakikutana huwa vigumu kuyapinga. Wanafunzi wa Ulaya walisomewa Galen kutoka kwenye kiti cha juu huku msaidizi akipasua maiti chini, na maiti ilipokataa kukubaliana na kitabu, ilisemwa kwamba maiti ndiyo yenye kasoro. Andreas Vesalius alishika kisu mwenyewe, akachapisha kazi yake kuu mwaka 1543, na hoja ya taya ikaisha. Hoja ya moyo ilikuwa imeshajibiwa muda mrefu kabla: Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Cairo, aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta wa moyo hauna vitundu na kwamba damu lazima ipitie mapafuni. William Harvey wa Uingereza alieleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628.

Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu walihifadhi tu kazi za Wagiriki, au waliongeza chao?

Wazo la kwamba walikuwa walinzi wa maktaba tu linapaswa kuachwa. Ni kweli kwamba huko Baghdad katika karne ya tisa Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Kinestoria, alifasiri sehemu kubwa ya kazi za Galen kwa Kisiria na Kiarabu, akilinganisha nakala kadhaa kabla ya kuandika sentensi moja. Lakini waliomsoma hawakukaa kimya. Al-Razi, aliyefariki takriban mwaka 925, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Galen, na katika kitabu kingine akatenganisha ndui na surua kwa dalili: maumivu ya mgongo huwa makali zaidi katika ndui, wasiwasi na kichefuchefu huzidi katika surua.

Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, ndiye maarufu kuliko wote. Kitabu chake cha Qanun, chenye sehemu tano, kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kufundishwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Sehemu ya pili ina masharti ya kujaribu dawa ambayo yastahili kubandikwa ukutani: dawa iwe safi isiyochanganyika na kitu, ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usio na mchanganyiko, matokeo yake yaonekane mara kwa mara ili isidhaniwe kuwa ni bahati, na ijaribiwe kwa binadamu, kwa sababu kuijaribu kwa simba au farasi huenda kusithibitishe lolote juu ya mtu. Naye al-Zahrawi wa Andalusia alichora vyombo vya upasuaji yapata 200 na kueleza jinsi ya kushona ndani ya mwili kwa uzi wa utumbo wa mnyama.

Hospitali ya sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na wodi tofauti za homa, macho, majeraha na magonjwa ya tumbo.

Na India je?

India ilitangulia katika upasuaji wa kurekebisha sura. Mkusanyiko wa Sushruta unaeleza vyombo zaidi ya 100, namna ya kusukuma mtoto wa jicho, na namna ya kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua, kwa kutumia ngozi ya shavu. Madaktari wa Kiingereza waliushuhudia upasuaji wa pua ukifanyika India mwishoni mwa karne ya 18 na kuupeleka kwao.

Je, dawa ya malaria tunayopewa kituo cha afya inatokana na tiba ya kale?

Ndiyo. Katika vidonge vya mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, ambavyo watu wengi hapa huviita Coartem, artemether inatokana na artemisia, mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu zamani. Katika karne ya nne Ge Hong aliandika maagizo mafupi: chukua konzi moja ya mmea huo, loweka katika maji, kamua, kunywa maji yake yote.

Miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China iliunda mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mtafiti Tu Youyou na wenzake wakapekua maelfu ya maagizo ya kale. Mmea huu ulionyesha dalili njema, kisha matokeo yakayumba. Aliporudi kwenye maneno ya Ge Hong aligundua kwamba hayakutaja kuchemsha. Huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa kwa etha, inayochemka kwa joto la chini, na mwaka 1971 sampuli nambari 191 ikaua vimelea vyote katika panya. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Wanaojitengenezea chai ya mmea huu nyumbani wakidhani wanafuata nyayo zilezile wasimame hapo. Kipimo cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, hubadilika kutoka jani hadi jani, na kiasi kidogo kisichoua vimelea vyote huvifundisha kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi chai hiyo.

Ni kweli kwamba Wanyoro walimpasua mama na kumtoa mtoto akiwa hai kabla ya hospitali kuja?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu kamili. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana wa Kiingereza aliyekuwa amesomea udaktari bila kuumaliza na aliyekuja na wamisionari, alishuhudia upasuaji huo mahali alipopaita Kahura, katika Bunyoro. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Mama alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, mimba ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, akanyweshwa pombe ya ndizi kwa wingi hadi akawa nusu amelewa, kisha akafungwa kifuani na mapajani kwa vitambaa vya gome la mti, huku mtu mmoja akimshika vifundo vya miguu na mwingine akimtuliza tumbo. Mpasuaji alisimama upande wa kushoto. Aliinua kisu na kunuizia, akanawa mikono na kuosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji, akatoa ukelele uliopokelewa na watu waliokuwa nje, na kwa mkato wa haraka akafungua tumbo katikati, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Msaidizi alizima damu kwa chuma chekundu cha moto. Mtoto alitolewa, kitovu kikakatwa, na mpasuaji akaukamua mji wa mimba kwa mikono miwili hadi ukajikunja, kisha akaondoa kondo la nyuma.

Mji wa mimba haukushonwa. Mkeka wenye matundu uliwekwa juu ya jeraha na mama akageuzwa ili maji yaliyomo tumboni yamwagike. Ngozi ilifungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, na nyuzi za gome zikazungushwa kwenye pini hizo. Mizizi ya aina mbili ilitafunwa ikawa uji mzito, ikapakwa juu, ikafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na juu ya yote ikafungwa bendeji ya gome. Felkin anasema mama hakulia hata mara moja hadi pini zilipoanza kuingizwa. Saa mbili baadaye mtoto aliwekwa kifuani anyonye. Siku ya sita pini zote zilikuwa zimetolewa, na siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga.

Ulaya ya miaka hiyo ilikuwa ikipoteza akina mama wengi sana katika upasuaji wa aina hii, na kushona mji wa mimba kwa ufanisi kulikuwa ndiyo kwanza kumeanza, kwa kazi ya Max Sänger wa Leipzig mwaka 1882. Ni lazima isemwe pia kwamba shahidi ni mmoja, aliandika miaka mitano baadaye, na alimwona mgonjwa mmoja. Kinachompa uzito ni mpangilio wa kazi yenyewe. Hakuna mtu anayebuni papo hapo pini zilizosuguliwa, wasaidizi wanaojua nafasi zao na dawa iliyoandaliwa. Timu ile ilikuwa imefanya jambo hili mara nyingi.

Jina la mpasuaji huyo ni nani?

Felkin hakuliandika. Hilo ni jambo la kusikitisha kuliko yote katika ukurasa huu. Tunajua umri wa mama, idadi ya pini, na siku ambayo kila pini ilitolewa, lakini hatujui jina la mtu aliyeshika kisu, nani alimfundisha, wala mizizi ile miwili ilikuwa ya mimea gani. Galen, aliyekosea sana, ana juzuu zinazojaza rafu nzima. Fundi wa Bunyoro, ambaye kazi yake ilifanikiwa, amebaki katika kurasa chache za mgeni.

Ujuzi wa kiganga wa hapa ulirithishwa kwa mdomo, kutoka kwa mzazi au mwalimu hadi kwa mwanafunzi mmoja au wawili, na sehemu yake ilikuwa siri kwa sababu siri ndiyo iliyomlisha mganga. Utaratibu huo hufanya kazi vizuri hadi ukoo unapotawanyika. Bunyoro ilipitia vita vya miaka ya 1890 dhidi ya majeshi ya Waingereza na washirika wao, njaa na magonjwa vikafuata, na watu walipungua mno. Baadaye mganga wa mitishamba na mchawi waliwekwa kapu moja katika fikra za wengi, ingawa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 yenyewe iliacha nje utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema.

Tofauti kati ya urithi wa Cos au Baghdad na ule wa Bunyoro, kwa maoni yetu, haikuwa akili wala ustadi wa mikono. Ge Hong aliandika mstari mmoja, na miaka 1,600 baadaye mtu akaupima. Mizizi ya Kahura haiwezi kupimwa.

Hospitali zilianza lini nchini?

Dkt. Albert Cook alifika Mengo mwaka 1897 na kufungua hospitali mwaka huohuo, akisaidiwa na muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye alikuwa mke wake na mwanzilishi wa mafunzo ya wakunga. Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa ya zinaa. Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza mwaka 1924.

Ugonjwa wa malale uliibadilishaje Uganda?

Kuanzia mwaka 1900 hivi ugonjwa ambao Waganda waliuita mongoota ulisambaa Busoga na mwambao wa ziwa, na inakadiriwa kwamba takriban watu 250,000 walikufa katika miongo miwili. Aldo Castellani, akifanya kazi Entebbe, aliona kimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce aliyefika mwaka 1903 akaonyesha kwamba kinaenezwa na mbung'o. Serikali ya gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu wa mwambao na visiwa, hata Ssese ikabaki tupu, na familia nyingi zilipoteza ardhi na mitumbwi yao kwa amri ambayo hawakushauriwa.

Robert Koch, mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, alikuja Ssese mwaka 1906 kujaribu atoxyl, dawa yenye aseniki. Wagonjwa walipata nafuu kwa muda. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Vitabu vingi vya kumsifu hupita hapo haraka, lakini wanaofundisha maadili ya utafiti hapa nchini wana sababu ya kusimama. Hao walikuwa wagonjwa waliokuwa kambini, mbali na kwao, na hakuna aliyewaeleza kwamba macho yao yangeweza kupotea.

Uganda ina aina zote mbili za malale, ile ya kaskazini-magharibi na ile ya kusini-mashariki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ile ya kaskazini-magharibi si tena tatizo la afya ya umma.

Je, chanjo ni uvumbuzi wa Wazungu?

Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe mwaka 1796, na hiyo ni hatua yake halali. Kabla yake watu wa China, India, Uturuki na sehemu za Afrika walikuwa wakiwachanja watu wasio wagonjwa kwa usaha wa ndui yenyewe. Boston ilijifunza hivyo kutoka kwa Onesimus, mtumwa Mwafrika, aliyemweleza bwana wake Cotton Mather jinsi alivyochanjwa utotoni, na njia hiyo ikatumiwa katika mlipuko wa mwaka 1721. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana jirani zetu, Merca nchini Somalia, mwaka 1977.

Uganda imeipa nini tiba ya dunia?

Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita 16,000 hivi, hospitali hadi hospitali hadi kusini mwa Afrika, wakichora ramani ya mahali unapopatikana. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala viliwawezesha watafiti Epstein, Achong na Barr kuona mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Taasisi ya virusi ya Entebbe, iliyoanza mwaka 1936, ilivitambua virusi vya Zika mwaka 1947 kutoka kwa tumbili aliyewekwa ndani ya tundu katika msitu wenye jina hilo, pembeni ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe.

Mitishamba ya bibi yangu ni urithi wa kale. Je, niiache?

Si lazima kuiacha yote, wala si salama kuichukua yote. Magome ya mti ambao Waganda huuita ngwabuzito hutengenezewa dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, na umekatwa kwa pupa kiasi kwamba biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu mwaka 1995. Mululuza, mmea wenye majani machungu, bado huchumwa kwa homa. Emmumbwa, vijiti vya udongo uliokandwa na majani ya dawa, huuzwa katika soko la Owino, na mama mjamzito huvisugua katika maji na kunywa.

Jambo la kwanza ni kumwambia mkunga au daktari unachokunywa, kwa jina, hata kama unatazamia kukemewa. Dawa mbili zinaweza kupigana mwilini, na mkunga asiyejua hawezi kukukinga. Baadhi ya mitishamba ya uchungu husukuma mji wa mimba kwa nguvu, na ikikutana na sindano ya kuongeza uchungu hatari huwa kubwa. La pili ni kwamba tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, inayotaka watoa huduma hizo wasajiliwe. Mganga anayejinadi redioni kwamba anaponya UKIMWI, kisukari na umaskini kwa chupa moja hana nafasi ndani yake.

Nembo sahihi ya tiba ina nyoka mmoja au wawili?

Mmoja, kwenye fimbo ya Asclepius, kama ilivyo katika nembo ya Shirika la Afya Duniani. Fimbo ya nyoka wawili, yenye mabawa juu, ni ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara na wezi, ingawa zipo kliniki ambazo zimeichagua bila kujua.

Ninaweza kuona wapi ushahidi wa mambo haya?

Hati ya Edwin Smith ipo New York na ya Ebers ipo Leipzig, na picha za zote mbili zinapatikana bure mtandaoni. Kampala kuna maktaba ya udaktari inayobeba jina la Albert Cook, katika eneo la Mulago, ambamo mna majalada ya wagonjwa wa Mengo ya tangu siku za mwanzo yaliyoandikwa kwa mkono, na Makumbusho ya Uganda pale Kitante kwa vyombo na vitambaa vya gome. Maelezo ya Felkin yamo katika jarida la udaktari la Edinburgh la mwaka 1884, kwa Kiingereza, pamoja na mchoro wa upasuaji ukiendelea na mchoro wa kisu.